Kabati la Fundi Ziba

Harufu ndiyo iliyotangulia. Fundi Ziba alikuwa amefungua mlango wa kabati kiasi cha kupitisha kiganja tu, na tayari pua yake ilikuwa imeshapata habari kabla ya macho. Ilikuwa harufu ya gunia lililosahauliwa kwenye maji, au ya kiatu kilicholowa mvua kikasukumwa uvunguni. Akaufunga mlango. Akasimama. Akaufungua tena polepole, kama mtu anayedhani kwamba akifungua kwa adabu huenda mambo yakawa mengine.

Hayakuwa mengine.

Suti ya marehemu kaka yake ilikuwa inaning'inia mahali pake, ndani ya mfuko wa nailoni aliouvisha mwenyewe na kuukaba shingo kwa gundi ya karatasi, ile anayobandika kingo za madirisha asizichafue kwa rangi. Kwa ndani nailoni ilikuwa na matone, kama kioo cha bafuni mtu akishatoka kuoga. Na nyuma ya matone, koti lililokuwa jeusi tititi lilikuwa limeota mvi: ukosini, mabegani, kwapani, na duara moja kubwa kifuani, jeupe katikati na kijanikijani pembeni.

"Mama yangu," akasema Fundi Ziba, mtu mzima mwenye pacha wanaosoma.

Shemeji yake, mjane wa huyo kaka, alikuwa amepiga simu asubuhi hiyohiyo. "Tunakuja alasiri, shemeji. Mtoto ajaribu suti. Usaili wenyewe si ndiyo kesho?" Na yeye akajibu kwa sauti ya mwenye mali: "Njooni tu. Suti ipo, imelala usingizi wa kifalme."

Usingizi wa kifalme! Kumbe mfalme alikuwa anaota ndevu.

Lazima ieleweke suti hii ilikuwa nini. Marehemu alikuwa fundi cherehani, wa kushona sare za shule na kupunguza suruali za watu. Maisha yake yote alishona suti moja tu iliyo yake, ya kitambaa kizito alichokinunua kwa vipande vya mwisho wa jora, na aliimaliza mwaka aliougua. Hakuwahi kuivaa hata siku moja. Alimwita mdogo wake kitandani, akamwambia, "Nyumba yangu inavuja. Kwako hapavuji, wewe hupendi tundu. Nitunzie. Siku mtoto atakaposimama mbele ya watu kutafuta kazi, mvalishe."

Kweli, Fundi Ziba hakupenda tundu. Jina lenyewe alilipata hapo. Alikuwa fundi rangi, na kwenye ndoo yake ya kazi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Akiingia kwenye nyumba ya mtu, kabla hata ya salamu kukauka mdomoni, kidole chake kinapapasa ukuta. Hapa pana ufa, hapa pana shimo la msumari. Puti inatoka, ule unga mzito wa kuzibia, kisu bapa kinapita, msasa unafuata, tundu limekwenda. Mji ule wa pwani, wenye hewa inayonata mwilini kama shati la jana, ulimpa kazi mwaka mzima. Kuta zilitoka jasho, rangi ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua, na wenye nyumba wakamwita. Kuna waliomwita kwa siri kidogo: "Fundi, kuna wapangaji wanakuja kuangalia chumba. Ule weusi wa pembeni mwa dari, upitishie koti moja tu la rangi." Naye hupitisha. Mkewe alipomuuliza kama huo si uongo, alijibu, "Rangi haiongopi, mke wangu. Inanyamaza tu."

Sasa kabati. Seremala aliyelitengeneza alikuwa ametoboa matundu mgongoni, safu juu na safu chini, madogo ya kuingia kidole. Fundi Ziba alipoyaona alicheka hadi akakohoa. "Huyu seremala mgonjwa! Kabati zima kwa pesa zangu, halafu analitoboa?" Siku hiyohiyo aliyaziba yote kwa puti. Akapiga msasa. Akapaka rangi ya mafuta ndani na nje, koti juu ya koti, mpaka ndani pakang'aa kama sahani. Akalisukuma hadi likabusu ukuta wa nje, ule unaopigwa na mvua za kutoka baharini, na ule mstari mwembamba uliobaki kati ya mbao na ukuta akauziba pia.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha na ambaye alifundisha watoto wa chekechea, alisimama mlangoni akitazama.

"Baba Pacha, nguo zitapumua wapi humo?"

"Nguo zina mapafu?"

"Ukuta huo unatoka jasho."

"Ndiyo maana naziba! Unyevu upite wapi sasa?"

"Na uliokwishaingia utatokea wapi?"

Swali la mwalimu wa chekechea, alijiambia, lijibiwe na watoto wa chekechea.

Sasa kabati lilikuwa linamjibu lenyewe, kwa harufu.

Akaitoa suti. Alipoipasua nailoni, hewa ya ndani ilimpiga usoni, ya uvuguvugu. Akakumbuka. Mwanzoni mwa mvua aliipiga suti pasi, tena kwa kunyunyizia maji ili mikunjo ikae, kisha akaivisha nailoni hapohapo ikiwa bado na joto la pasi, isiingie vumbi. Aliufungia mvuke pamoja na kitambaa, akawaacha wawili hao gizani kama maharusi.

Suruali ilikuwa na afadhali. Yenyewe ilining'inia upande wa mlango, nje ya mfuko kwa kuwa haikutosha, na ilikuwa inanuka tu. Koti ndilo lililopata msiba.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kibaya. Alichukua kitambaa, akakilowesha, akasugua lile duara la kifuani. Weupe ukapotea! Moyo ukamrukaruka. Kisha kitambaa cha koti kikaanza kukauka, na weupe ukarudi, umetandaa, mpana kuliko mwanzo, kama maziwa yaliyopanguswa kwa tambara chafu.

Akalitia koti kwenye gunia tupu la puti, akatoka.

Dobi alikuwa ng'ambo ya kichochoro, chini ya paa la bati, kazungukwa na mashati ya watu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Fundi Ziba alifungua mdomo wa gunia kidogo tu, akamwonyesha kama anayeuza kitu cha wizi. Dobi akainama, akanusa, akaruka nyuma.

"Fundi! Hii suti au mkate wa juzi?"

"Punguza sauti, ndugu yangu."

"Na usinikung'utie hapa, nakuomba! Hiyo ina mbegu. Ikiruka kwenye mashati haya, kesho nina shamba."

"Unaweza kuutoa huo ukungu?"

"Kuutoa nautoa. Suti inapigwa brashi nje, kwenye upepo, mbali na nguo nyingine. Inapitishiwa siki kidogo. Kisha inageuzwa, bitana nje, inaanikwa juani ikauke mpaka ndani ya mabega, huko kwenye pamba. Ikinuka tena, tunarudia. Alama sijui. Nyingine zinatoka, nyingine zinakuzika."

"Iwe tayari leo alasiri."

Dobi akamtazama. Kisha akatazama juu, kwenye mbingu ya rangi ya sufuria. "Jua unakuja nalo wewe?"

"Basi pasi. Pasi ya moto sana."

"Ukipiga pasi sasa hivi unaupaka rangi tu, Fundi. Unalala ndani. Mtu akivaa, akipata jasho, unaamka." Akarudi kwenye shati lake. "Ya nani hii?"

"Ya mteja," alisema Fundi Ziba. Akashangaa jinsi uongo ulivyotoka laini, bila hata kupigwa msasa.

Njiani kurudi alikuwa anahesabu uongo mwingine aliokuwa nao akibani. Suti imeibiwa. Hapana, mwizi gani anaiba koti na kuacha suruali? Dobi kaiharibu. Hapana, dobi ana mdomo. Panya. Hapana, panya anatafuna. Kila aliouchukua aliukuta na tundu, na hili la leo hakuwa na puti yake.

Ilibaki kazi anayoijua.

Alilitundika koti uani, akachukua brashi yake mpya ya nywele laini, ambayo haijawahi kuonja rangi, akaanza kupiga. Alipiga kwa ufundi, kutoka juu kwenda chini, na ukungu ukaruka kama vumbi jepesi linaloelea, lisilotaka kuanguka. Ni kitu cha ajabu ukikitazama vizuri, kina uzuri wake, kama unga wa mbawa za kipepeo, na kila chembe inatafuta pa kwenda kuishi. Naye alikuwa amefumba mdomo, akigeuza uso. Kisha akaliingiza ndani, akapiga pasi ya moto kiasi cha kitambaa kulia. Mahali pa lile duara alipapitishia kitambaa chenye rangi ya viatu nyeusi, kidogo sana, tone la mafundi. Mwisho akachukua manukato ya mkewe, akapuliza bitana yote.

Akarudi nyuma hatua chache, akakunja jicho moja, anavyofanya akimaliza ukuta.

Hakikuonekana chochote. Wallahi hakikuonekana chochote! Koti lilikuwa jeusi, limenyooka, linang'aa kwa heshima. Hata marehemu angeshikana naye mkono.

Mama Pacha alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni, akavuta hewa mara mbili.

"Unakwenda wapi umejipulizia manukato yangu?"

"Si mimi. Koti."

Akaja, akalitazama. Akaliinua pembe, akapeleka pua kwapani mwa koti, mahali ambapo mafundi rangi hawafikirii. Alipoinua uso alikuwa amebadilika.

"Lilikuwa limeota."

"Nimelisafisha."

"Umelificha."

"Mke wangu, ni kesho tu! Avae, asailiwe, avue. Baada ya hapo nitalianika mwezi mzima ukitaka."

"Na kifua cha mtoto je?"

Hapo ndipo Fundi Ziba alipoketi kitandani. Si kwamba alikuwa hajui. Alikuwa ameliweka jambo hilo pembeni, nyuma ya mambo mengine, akalisukuma hadi likabusu ukuta. Mtoto wa kaka alikuwa na pumu tangu anatambaa. Fundi Ziba mwenyewe alishawahi kumbeba mgongoni hadi zahanati, akimsikia sikioni pake anavuta pumzi kama anayenyonya uji kwa mrija ulioziba. Vumbi la jivu lilimtosha. Paka alimtosha.

"Koti limepigwa pasi," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Sawa. Mimi sitasema. Siyo kabati langu, wala siyo kaka yangu." Akaanza kuvua viatu vya kazi. "Lakini nitakuwepo, nitakutazama."

Bora angepiga kelele.

Walikuja alasiri, mama na mwana. Shemeji alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa maneno, aliyekuwa akiuza vifungo na nyuzi katika kibanda kilekile cha marehemu. Alikuwa ameleta soksi mpya. Kijana alikuwa mwembamba, macho makubwa, akijaribu kutabasamu kama mtu mzima. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupima maji katika maabara, na alikuwa akirudiarudia majibu chini ya ulimi tangu mlangoni.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kifua?"

Swali lilimponyoka. Mama Pacha, aliyekuwa anapanga vikombe, hakugeuka.

"Kizuri, baba mdogo. Wiki nzima sijagusa dawa."

Suti ikaletwa. Shemeji alipoiona alitia mkono mdomoni. Aligusa mshono wa bega kwa ncha za vidole, akautembelea mpaka kwenye mkono. Kisha akasema, "Shemeji, Mungu akuweke. Mtu mwingine angeshaiuza. Tazama! Kama ya jana."

"Ah," alisema Fundi Ziba. "Kawaida tu."

Kila neno la shukrani lilimwingia kama msumari mahali pasipo na tundu.

Kijana akavaa suruali chumbani, akatoka, akapokea koti. Mkono wa kwanza, mkono wa pili. Mama yake akamfunga kifungo, akamnyoosha ukosi, akarudi nyuma kumtazama, na machozi yakasimama.

"Sema lile la kwanza," akamwambia. "Watakapokuuliza kwa nini unaitaka kazi."

Kijana akakohoa kidogo, akasafisha koo. "Waheshimiwa, maji ni kitu ambacho..." Akakohoa tena. "Maji ni kitu ambacho kila nyumba..."

Chumba kilikuwa kidogo na dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya manyunyu. Joto la miili lilikuwa linapanda. Fundi Ziba aliliona paji la uso la kijana likianza kutoa jasho. Alikuwa hamsikilizi tena maneno, alisikiliza kilicho chini ya maneno. Mwanzoni hakuna. Kisha, mwishoni mwa sentensi, kitu chembamba, kama filimbi inayopulizwa na mtoto nyumba ya tatu.

"Wasiwasi huo," alisema shemeji akicheka. "Vuta pumzi, anza tena."

Kijana akavuta pumzi. Filimbi ikasogea nyumba ya pili.

Mama Pacha alikuwa ameacha vikombe. Alikuwa anamtazama mumewe, bila hasira, kama anavyomtazama mtoto wa chekechea anayejua jibu.

"Vua," alisema Fundi Ziba.

"Baba mdogo?"

"Vua koti! Vua, vua, mwanangu, vua sasa hivi!" Alikuwa ameshamfikia, akivuta vifungo, kimoja kikang'oka kikaviringika chini ya meza. "Lina ukungu! Lilikuwa jeupe leo asubuhi. Nimelipaka. Nimelipaka rangi ya viatu. Fungueni dirisha, jamani, fungueni mlango!"

Mama Pacha tayari alikuwa dirishani. Kijana akatolewa uani, akaketi kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akatoa kopo lake la dawa mfukoni mwa shati, akavuta, akashika, akaachia. Akavuta tena. Kwa muda ambao Fundi Ziba hakuweza kuupima, hapakuwa na kitu duniani isipokuwa kifua hicho chembamba kupanda na kushuka. Kisha filimbi ikaenda nyumba ya pili, ikaenda ya tatu, ikapotea.

"Niko sawa," kijana alisema. "Baba mdogo, niko sawa. Usilie."

"Nani analia?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na koti mkononi. Alikuwa ameligeuza, bitana nje, na ameona: chini ya kwapa, ndani kabisa, ukungu ulikuwa bado umelala umejikunja.

"Ulijua tangu asubuhi," alisema.

"Nilijua."

"Nikakushukuru. Nikakutajia Mungu."

"Ulinitajia."

"Ukajibu 'kawaida tu'."

Fundi Ziba akatazama doa la rangi ya viatu kwenye kidole chake.

"Koti ni kitambaa, shemeji," alisema yule mwanamke, na upole wote ulikuwa umeondoka sautini. "Aliyelishona kafa, nalo litakufa, sina ugomvi na ukungu. Lakini huyu," akamnyooshea kijana kidole, "huyu nimebaki naye mmoja. Ungeniacha nimpeleke kwenye chumba cha watu, milango imefungwa, anaogopa hata kukohoa asiaibike?"

"Ndiyo maana nimesema avue."

"Umesema umechelewa."

"Nimechelewa," alikubali.

Akaingia ndani, akapita mbele ya lile kabati linalong'aa, akamwita kijana avae suruali aliyokuja nayo, akaikunja ile ya suti mkononi pamoja na koti. "Suti hii hailali tena humu. Kwangu panavuja, lakini panapita upepo." Akamgeukia mwanawe. "Kesho utavaa shati lako jeupe. Wakitaka koti, waseme."

Kijana akamgusa baba yake mdogo bega, akatangulia. Shemeji akafuata, koti amelitupia begani likiwa ndani-nje, bitana na madoa yake yakitazama mbingu. Manyunyu yalikuwa yameisha. Jua lilikuwa limepata upenyo mdogo kati ya mawingu, likamwagika kichochoroni.

Fundi Ziba akatoka nyuma yake. Hakuitwa. Alitembea tu, mikono mitupu.

Barazani palikuwa na wanawake wa jirani. "Jamani, mnahama?" mmoja aliuliza akicheka. "Mbona mnaondoka na nguo begani?"

Shemeji akaendelea kutembea. Na ng'ambo, chini ya bati, dobi alikuwa ameshainua kichwa na ameshalitambua koti.

"Aa, Fundi! Kumbe ndiyo hii ya mteja? Vipi, pasi imesaidia?"

Vichwa barazani vikageuka. Fundi Ziba alijua vizuri jibu la kuziba hapo. Lilikuwa limeshalainika ulimini.

"Haikusaidia," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Wala siyo ya mteja. Ni ya marehemu kaka. Imeota ukungu ndani ya kabati langu, nililoziba mwenyewe. Kisha nikaificha."

Mtu mmoja barazani akaguna. Dobi aliinamia pasi yake.

Shemeji hakusimama, wala hakugeuka. Lakini hatua zake zilipungua, mpaka Fundi Ziba akamfikia ubavuni. Bado hakumtazama. Akaichomoa suruali mkononi, akamsogezea.

"Shika," alisema. "Na usiikunje. Iache ipigwe na upepo."